Usifiche ugonjwa wako unapoingia chuo kikuu

KILA mwaka ifikapo Agosti na Septemba, kliniki zetu hujaa vijana wasioumwa na kitu. Wameandamana na baba au mama, na mkononi wana barua ya kuitwa chuo kikuu pamoja na fomu ya uchunguzi wa afya, ambayo sharti itiwe sahihi na muhuri wa daktari kabla ya siku ya kuripoti. Wana haraka, kwani bado hawajanunua blanketi wala ndoo. Daktari naye ana foleni. Basi kijana hupimwa shinikizo la damu, macho na mkojo, huulizwa maswali mawili matatu, muhuri ukagongwa na safari ikaendelea.

Nataka leo tuizungumzie fomu hiyo, msomaji, kwa sababu yamkini wewe mwenyewe unayo mezani, au unaye mwana atakayeibeba mwaka huu.

Miaka kadhaa iliyopita mzee mmoja aliniletea binti yake aliyekuwa amepata nafasi ya kusomea ualimu. Binti huyo nilikuwa nimemtibu kifafa tangu akiwa shule ya msingi, na kwa zaidi ya miaka miwili hakuwa ameanguka hata mara moja, maana alimeza dawa zake kila siku bila kukosa. Tulipofika mahali palipoulizwa habari za kifafa, mzee aliweka kidole juu ya karatasi. "Daktari, hapo usiandike kitu," akaniambia. "Wakijua watamrudisha nyumbani." Binti alikuwa akitazama sakafu. Nami, kwa kumhurumia mzee aliyekuwa ameuza ng'ombe apate karo, niliandika "Hapana".

Nilikosea. Binti alipewa chumba pamoja na wasichana watatu asiowajua. Aliogopa wangeona vidonge vyake, akawa anavimeza chooni. Siku nyingine akasahau, na hatimaye akaacha kabisa. Wiki ya majaribio ya kwanza alikesha siku mbili mfululizo akisoma. Kukosa dawa na kukosa usingizi ni mambo mawili yanayoamsha kifafa upesi kuliko mengi mengine, na yeye aliyakutanisha. Alianguka alfajiri, kutoka kitanda cha juu. Wawili kati ya wenzake walikimbia. Wa tatu, kwa nia njema kabisa, alijaribu kumtia kijiko kinywani akamvunja jino. Zahanati ya chuo ilikuwa mwendo wa dakika tano kutoka bwenini, lakini faili lake halikuwa na neno lolote la kuwasaidia, ila ile "Hapana" yangu. Wakaanza kwa kumtibu malaria.

Je, hofu ya mzee ilikuwa na msingi? Katika miaka yangu yote ya kutibu, sijapata kumwona mwanafunzi wangu hata mmoja akinyang'anywa nafasi kwa ajili ya kifafa, pumu, kisukari au selimundu. Na kuhusu virusi vya Ukimwi, sheria ya mwaka 2006 ya kuzuia na kudhibiti Ukimwi inakataza waziwazi mtu kulazimishwa kupimwa ili akubaliwe katika taasisi ya elimu. Ukitakiwa kufanya hivyo, una haki ya kukataa.

Kwa upande mwingine, ukisema ukweli unafaidika. Mwenye kifafa anaweza kuomba kitanda cha chini. Mwenye pumu anaweza kuhamishwa kutoka chumba chenye unyevu. Mtoto wa Kisumu au Kwale mwenye selimundu, akiitwa kusomea Eldoret, mji ulio zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ataona jinsi baridi ya usiku inavyoweza kumwamshia maumivu ya mifupa. Huyo anahitaji blanketi mbili, maji ya kunywa ya kutosha, na zahanati inayojua jina lake kabla hajaanza kulia kwa maumivu saa nane za usiku. Beba dawa za mwezi mzima, na barua ya daktari wako yenye majina ya dawa na vipimo vyake. Ipeleke zahanati mwenyewe wiki ya kwanza, hata kama fomu ulikwisha kuiwasilisha, kwa maana fomu hizo hukusanywa kwa mamia na haziwezi kusomwa zote siku hiyo. Papo hapo uliza saa za kufunguliwa, mahali pa kwenda usiku, na kama umeandikishwa katika bima ya afya ya SHA chini ya mzazi wako. Ile kadi ya NHIF uliyoizoea nyumbani haina kazi tena tangu Oktoba 2024.

Kuna jambo jingine ambalo vijana wa nyanda za juu hawaambiwi. Ikiwa umekulia Nyeri, Nyandarua au Nairobi, mwili wako haujazoeana na malaria. Ukiitwa Maseno au Kilifi, mwenyeji wa huko anaweza kuumwa na mbu yule yule akapata homa kidogo tu, nawe ukazidiwa. Lala ndani ya neti iliyotiwa dawa tangu usiku wa kwanza. Homa ikianza, usinunue Panadol dukani ukangoja. Nenda upimwe siku hiyo hiyo. Ukipewa dawa ya AL, imeze dozi zote sita katika siku tatu, tena pamoja na chakula chenye mafuta kidogo au maziwa, hata kama siku ya pili unajisikia mzima. Na ukirudi nyumbani likizoni ukashikwa na homa, mwambie daktari wa huko umetoka wapi. Asipojua, anaweza kukutibu mafua.

Wengi wenu huiona zahanati ya chuo kuwa mahali pa vidonge vyeupe visivyo na jina. Nakubali kwamba foleni ni ndefu, na dawa nyingine utaandikiwa ukanunue nje. Lakini ukiugua wakati wa mtihani, barua ya zahanati hiyo ndiyo inayoweza kukupatia mtihani maalum badala ya kuhesabiwa umefeli. Sharti uende siku unayougua. Barua iliyoandikwa majuma mawili baadaye haimshawishi mtu. Aidha, ukishatimiza miaka 18 siri yako ni yako, na daktari hana ruhusa ya kumpigia baba yako simu bila idhini yako.

Siri hiyo ina maana kubwa katika mambo yanayohesabiwa kwa saa. Ukibakwa, au ukilala na mtu bila kinga na huijui hali yake, dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi hazina budi kuanzwa kabla ya saa 72 kupita, na mapema zaidi ndiyo bora, kisha zinamezwa siku 28. Tembe za dharura za kuzuia mimba nazo hufanya kazi vizuri zikimezwa mapema. Mjulishe muuguzi ikiwa unatumia dawa za kifafa, kwa sababu baadhi yake, kama vile kabamazepini na fenitoini, hupunguza nguvu za tembe hizo.

Na ikiwa unachoumwa hakionekani? Kijana aliyekuwa wa kwanza katika shule yake ya kata hujikuta darasani na mia tatu waliokuwa wa kwanza kwao. Simu ya nyumbani inauliza masomo yanaendeleaje, yeye anajibu, "Vizuri tu." Akiwa hali vyema, halali, hahudhurii mihadhara na haoni raha ya chochote kwa majuma mawili mfululizo, huo si uvivu wala kurogwa. Ofisi ya ushauri nasaha haitozi pesa katika vyuo vyetu vingi, na kwa kawaida iko karibu na ya Mkuu wa Wanafunzi. Mwenye mawazo ya kujiua aseme hivyo kwa maneno yale yale, bila kuzungukazunguka. Zamani wengine waliogopa polisi, kwa kuwa sheria ilihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Mahakama Kuu ya Nairobi iliamua Januari 2025 kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba.

Yule binti alirudi kwangu na mzee wake, jino likiwa limevunjika. Niliandika barua mpya, safari hii ya ukweli mtupu, na mzee akaikunja mwenyewe akaitia mfukoni. Chuo kilimruhusu kuahirisha muhula mmoja. Aliporudi, jambo la kwanza alilofanya ni kuwaita wenzake wa chumbani, akawaeleza: nikianguka nilazeni ubavu, ondoeni vitu vigumu karibu nami, msinitie chochote mdomoni, tazameni saa, na zikipita dakika tano nikimbizeni zahanati. Akaibandika karatasi ya maneno hayo ndani ya mlango wa kabati. Vidonge vyake sasa hukaa juu ya meza, karibu na sukari.