Mpanda: njia mbili kwenye ankara, mtaro mmoja barabarani

Ukitaka kujua uchumi wa Katavi unategemea nini siku hizi, simama kwenye tawi lolote la benki mjini Mpanda siku mtandao umegoma. Mkulima wa tumbaku aliyekuja kuangalia kama malipo ya chama chake cha msingi yameingia, mtumishi anayesubiri mshahara, mfanyabiashara mwenye namba ya malipo ya Serikali mkononi, wote wanasubiri jibu kutoka kwenye seva ambayo haiko Mpanda. Iko Dar es Salaam au Dodoma, na mara nyingi imechomekwa pamoja na wenzake kwenye chasisi moja.

Seva hizo huitwa za bledi: ni bapa, zinasukumwa ndani ya chasisi kama droo, na zote hugawana umeme, feni na mlango wa kutokea mtandaoni. Chasisi ya c7000 ya kampuni ya HP, iliyoingia sokoni mwaka 2006 na kuenea duniani kote, hubeba hadi seva ndogo 16. Kila seva ikiwa na uwezo wa gigabiti 10 kwa sekunde, jumla ni 160. Lakini nyaya zinazotoka nyuma kwenda kwenye swichi kuu huwa chache. Mnunuzi anayebana matumizi huweka nne za gigabiti 10, mbili kwa kila moja ya moduli mbili za mtandao zilizo nyuma ya chasisi. Hapo 160 zinagombea 40, na kwa kawaida hakuna anayelalamika, kwa sababu seva zote hazipigi kazi kwa nguvu wakati mmoja.

Kasheshe huanza moduli moja inapokufa. Muuzaji alishasema upande wa pili utabeba mzigo, na kweli utaubeba, ila kwa gigabiti 20. Kama siku za kawaida pande zote mbili zilikuwa zinatumika kwa asilimia 70, upande uliobaki sasa unadaiwa asilimia 140. Mfumo haujazimika, taa zote ni za kijani, lakini malipo yanakwama njiani. Kwa karani wa dirishani, kukwama huko na kuzimika ni kitu kimoja.

Hapa ndipo biashara hii inapowachanganya wanunuzi. Waya uleule huuzwa mara mbili kwenye nukuu ya bei: mara ya kwanza kama kasi, mara ya pili kama akiba. Haiwezekani kuwa vyote. Anayetaka akiba ya kweli lazima akubali kuona nusu ya alicholipia ikikaa bila kazi, na maneno hayo ni magumu kumwambia mhasibu wa taasisi yoyote.

Kosa la pili limejificha zaidi. Seva ndogo ya c7000 ina milango miwili kwenye kadi yake ya mtandao: wa kwanza unakwenda moduli namba 1, wa pili moduli namba 2. Kwenye mchoro inapendeza. Ila milango yote miwili iko kwenye kadi moja, kadi ikiungua yote imekwenda. Fundi makini huongeza kadi nyingine, ambayo hupitia moduli 3 na 4, kisha huoanisha mlango mmoja wa kila kadi.

Nje ya chasisi, hali ni hiyohiyo kwa kipimo cha kilomita. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, unaoendeshwa na TTCL, ulijengwa kwa mizunguko mitatu, ya kaskazini, kusini na magharibi, ili faiba ikikatika upande mmoja data izungukie upande wa pili. Kampuni nyingine za mawasiliano hukodi uwezo humo. Kwa hiyo taasisi ya Mpanda inaweza kusaini mikataba na kampuni mbili, ikalipa ankara mbili, kumbe data yote inapita kwenye faiba moja, kando ya barabara moja, ikisubiri kijiko cha mkandarasi. Watu wa Katavi hawahitaji mhandisi awaeleze hilo. Tawi la reli kutoka Kaliua, lililojengwa enzi za Mwingereza kwa ajili ya mgodi wa risasi, linaishia Mpanda. Tuta likisombwa na mvua, hata uwe na tiketi za mabehewa mawili husafiri.

Bahari nayo ilitoa mfano. Tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika kwa pamoja kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Ni mikongo miwili ya wamiliki tofauti. Lakini ilipita eneo moja la bahari, na SEACOM tayari ilikuwa imekatika upande wa kaskazini, katika Bahari ya Shamu, tangu Februari.

Je, taasisi ya Mpanda inunue chasisi yake? Kwa maoni yangu, hapana. c7000 ina pawasaplai sita, tatu zikitakiwa kulishwa na laini moja ya umeme na tatu na nyingine. Kwa mji ulioishi miaka mingi kwa majenereta ya dizeli nje ya Gridi ya Taifa, kupata laini mbili zisizotegemeana ni ghali kuliko mashine yenyewe. Seva mbili za kawaida katika majengo mawili zinatosha hospitali au SACCOS kubwa. Fedha inayobaki ilipie setilaiti ya akiba: ile ya mzingo wa juu, kilomita karibu 36,000 angani, huchelewesha jibu kwa zaidi ya nusu sekunde, lakini muamala wa benki unavumilia, na haipiti barabarani.

Na kabla ya kusaini laini ya pili, mnunuzi adai ramani ya njia ya faiba, nguzo kwa nguzo, iwe kiambatisho cha mkataba. Kisha siku ya makabidhiano achomoe waya wa kwanza mwenyewe, saa nne asubuhi, dirisha likiwa na wateja. Wauzaji wengi watapendekeza jaribio hilo lifanyike usiku wa Jumapili.