Je, Wajua? Tairi za Nyuma Nazo Hupotea Njia

Je, wajua kwamba usukani uliokaa upande huenda ni kosa la tairi za nyuma? Zikielekea kando, gari lote husukumwa huko, nawe unakata usukani kidogo ndipo liende sawa. Kwa hiyo fundi mjuzi hupima nyuma kwanza, mbele baadaye.

Je, wajua kwamba Probox, ambayo Isiolo hubeba abiria, miraa na pengine mbuzi, haina bolti ya kugeuza mwelekeo wa tairi za nyuma? Ekseli yake ni kipande kimoja. Ukidaiwa pesa za "kurekebisha nyuma", uliza ni nati gani iliyolegezwa. Ikienda upande, ama chuma kimepinda, ama bushi zimekwisha.

Land Cruiser ya pikapu vilevile. Ekseli yake hukalia springi za mabamba, na kinachoizuia isiteleze ni kichwa cha bolti moja ya katikati. Yubolti zikilegea, bolti hiyo hukatika, na gari huanza kukimbia upande kama mbwa. Liendeshe polepole, moja kwa moja, kwenye vumbi, kisha ushuke utazame alama: tairi za nyuma zikitoka nje ya njia ya za mbele upande mmoja tu, ingia chini ukague.

Je, wajua kwamba Subaru nyingi hurekebishika? Zina bolti za duara lisilo na kitovu katikati, zenye alama. Ukizigeuza, mkono wa tairi husogea. Weka alama ya rangi kabla ya kugusa.

Uzi wa mwashi na rula vinatosha kupima. Nyoosha usukani, vuta uzi kila ubavu wa gari kwenye kimo cha kitovu cha tairi. Umbali wa uzi hadi kitovu uwe sawa kushoto na kulia, mbele kwa mbele, nyuma kwa nyuma. Sasa pima kutoka uzi hadi ukingo wa rimu, mbele na nyuma ya tairi hiyohiyo. Usipimie kwenye mpira, una vivimbe. Rimu ya inchi 15 ikitofautiana milimita 1, hiyo ni takriban sehemu moja ya saba ya digrii.

Ni kidogo? Milimita 3 humaanisha tairi inaburutwa upande mita 7 na nusu kila kilomita. Isiolo hadi Moyale, kama kilomita 500, inaburutwa karibu kilomita 4! Lami iliyokamilika miaka ya 2010 iliondoa mawimbi ya changarawe yaliyovunja springi. Mburuto huu haikuuondoa.

Je, wajua kwamba gari likishushwa kutoka kwenye jeki, tairi hung'ang'ania ardhi na vipimo hudanganya? Lisukume mbele na nyuma kwanza. Kwingine huweka mifuko ya plastiki chini ya tairi ziteleze. Kenya iliipiga marufuku 2017, basi tumia vipande viwili vya bati vilivyopakwa grisi.

Bolti za bushi zikazwe gari likiwa limesimama kwa tairi zake. Ukizikaza tairi zikining'inia, mpira hubaki umejisokota na kuchanika mapema.

Kipimo cha bure: pitisha kiganja juu ya tairi kwenda ndani, kisha kwenda nje. Ikiwa laini huku na ya kukwaruza kule, tafuta uzi.