Kabla ya Sasa: Istilahi za Elimu ya Vimbunga vya Kale

Hivi karibuni tuliletewa na ofisi moja ya umma tafsiri ya taarifa ihusuyo vimbunga, tukaombwa kuzipitia istilahi zake kabla haijapigwa chapa. Kiswahili chake kilikuwa laini. Hata hivyo, katika ukurasa wa tatu tulikuta sentensi iliyotushtua: kwamba kimbunga kikubwa "hurudi kila baada ya miaka 100", na kwa hiyo mji uliokwisha kupigwa "una nafasi ya kujijenga upya kwa utulivu". Matini ya asili haikusema hivyo. Kosa hilo si la sarufi, lakini laweza kumfanya mtu ajenge shule mahali asipopaswa kujenga hata banda. Tumeona heri tuieleze elimu yenyewe kwanza, kisha tuyarudie maneno, kwani mfasiri asiyejua jambo linavyofanyika hawezi kulipatia jina.

Kumbukumbu za maandishi kuhusu vimbunga ni fupi. Kimbunga kiliipiga Unguja tarehe 15 Aprili 1872, kikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi. Lindi ilipigwa mwaka 1952. Na mwezi Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia. Kwa matukio machache namna hii hakuna awezaye kukadiria kwa uhakika hatari ya pwani fulani. Hata Marekani, ambako orodha ya vimbunga vya Atlantiki inaanzia mwaka 1851, wataalamu waliona kipimo hicho hakitoshi, wakaamua kuuliza tope.

Nyuma ya ufuko aghalabu pana tuta la mchanga, na nyuma ya tuta pana ziwa dogo lililotulia. Mwaka baada ya mwaka, tope jeusi lenye mabaki ya majani hutuama chini ya ziwa hilo. Kimbunga kikali kijapo, bahari hupanda, maji yakapita juu ya tuta na kumwaga mchanga ziwani. Bahari ikisha kurudi mahali pake, tope huendelea kutuama na kuufukia mchanga ule. Baada ya miaka elfu kadhaa, chini ya ziwa huwa pamejipanga miraba myeusi na myeupe mithili ya kikoi. Mtaalamu huzamisha bomba refu, akalichomoa na tope lake, akalipasua kwa urefu na kuihesabu miraba myeupe. Umri wa kila mmoja hukadiriwa kwa kupima kaboni katika mabaki ya mimea yaliyo juu na chini yake. Tabaka za karibuni hupimwa kwa sesiamu 137, ambayo ilitapakaa duniani kwa majaribio ya mabomu ya nyuklia na kufikia kilele mwaka 1963.

Kazi iliyoipa elimu hii umaarufu ni ile ya Kam-biu Liu na Miriam Fearn katika ziwa la Lake Shelby, jimbo la Alabama, iliyochapishwa mwaka 1993. Walihitaji kipimo, wakakipata katika kimbunga Frederic kilichopiga pwani hiyo mwaka 1979: mchanga wake haukufika katikati ya ziwa. Hivyo wakahoji kwamba mchanga wa kale uliofika katikati uliletwa na vimbunga vikali zaidi, na wakakadiria kuwa vya namna hiyo vilitokea, kwa wastani, mara moja katika miaka 600 hivi. Huko Rhode Island, katika kinamasi cha Succotash, Jeffrey Donnelly na wenzake walipata mwaka 2001 jambo la kufurahisha zaidi kwa watu wa maandishi kama sisi: tabaka zilizolingana na vimbunga vilivyoandikwa, vya mwaka 1954, 1938, 1815, na kimoja cha 1635 au 1638, na chini yake tabaka mbili za kabla ya yeyote kuandika habari za pwani ile.

Sasa tuje kwenye maneno. Lile la Atlantiki, lile la Pasifiki ya magharibi na lile la Bahari ya Hindi ni majina matatu ya kitu kimoja. Sisi tunalo "kimbunga", nalo latosha. Hatuoni sababu ya kuandika "harikeni". "Mashapo" ni neno la zamani la machicha yanayotuama chini ya chombo, nalo lafaa bila mjadala. Lakini tafsiri tuliyoletewa iliita tope lililotolewa na bomba "kiini cha mashapo". Kiini ni cha yai au cha jambo, hali tope hili si la katikati ya kitu chochote. Tunapendekeza "mche wa mashapo", kwa kuwa walimu wa hisabati wamekwisha kulizoesha neno "mche" kwa maumbo ya aina hii. Twajua kwamba mabwana shamba watanung'unika.

Kupanda kwa bahari kunakoletwa na dhoruba kusiitwe "mawimbi makubwa", kwani ni maji yenyewe yaliyoinuka, na mawimbi hupanda juu yake. Wala si "bamvua", ambayo huja kwa mwezi na kila mvuvi anaijua siku yake. Tunapendekeza "mjao wa dhoruba". Mjao ukikutana na bamvua, hapo ndipo penye maafa.

"Kabla ya sasa" ni mtego. Katika hesabu za kaboni, "sasa" ni mwaka 1950, wala si siku msomaji anaposoma. Mfasiri akikuta "miaka 800 kabla ya sasa" asiandike "miaka 800 iliyopita". Isitoshe, miaka ya kaboni hailingani sawasawa na miaka ya kalenda mpaka isahihishwe. Pasipokuwa na uhakika, istilahi iachwe kama ilivyo na ielezwe mara moja mwanzoni.

Pia mfasiri asitaje kimbunga mahali ambapo mtafiti ametaja mchanga tu. Mwaka 2020 Vittorio Maselli na wenzake walichapisha habari za tabaka la mchanga huko Pangani, lenye umri wa miaka kama 1000 na mifupa ya binadamu ndani yake. Wao walilihusisha na tsunami. Kabla ya hukumu hiyo kutolewa, jina halali ni "mchanga uliomwagwa na bahari".

Limebaki lile la "kurudi". Kimbunga hakina ratiba. Pwani ile ya Alabama iliyopigwa na Frederic mwaka 1979 ilipigwa tena na Ivan mwaka 2004. Tunapendekeza "mwachano wa wastani", na kila mara uwezekano wa mwaka mmoja uandikwe kando yake. Sentensi ile tuliirudisha ofisini ikisomeka hivi: "Mwachano wa wastani wa kimbunga cha ukali huu ni miaka 100; yaani kila mwaka, hata ule unaofuata kimbunga, pana nafasi 1 katika 100 ya kupigwa, na katika muda wa miaka 30 nafasi hiyo hufikia kama 26 katika 100."