Amana ya umeme na maji: Risiti ina jina la nani?

Mfanyabiashara wa dagaa anayetoka Mwanza na kukodi stoo Isebania, ng'ambo ya Sirari, huwa amejiandaa kwa mengi. Bei ya gunia anaijua, na huenda ameshazoea hata cheti rahisi cha uasili wa bidhaa kwa mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani. Kisha mwenye stoo anamtajia hesabu yake: pango la mwezi wa kwanza, amana ya pango, na juu yake amana ya umeme na ya maji.

Wengi hutoa pesa hapo hapo bila kuuliza zinakwenda kushikwa na nani.

Amana yenyewe ina sababu. Umeme au maji ya kulipia mwisho wa mwezi ni mkopo: unatumia leo, ankara inakuja baadaye. Mpangaji anaweza kuhama usiku na kuacha deni, na huyu wetu anaweza kuvuka mpaka kabisa. Kwa hiyo kampuni huchukua kiasi mapema. Nchini Kenya, Kenya Power huitoza kwa mteja wa mita ya kulipia baadaye, na anapofunga akaunti hurudishiwa baada ya kukatwa deni la mwisho.

Lakini mteja ni yule ambaye jina lake liko kwenye akaunti. Mara nyingi akaunti ni ya mwenye jengo, aliyeilipia amana yake zamani. Hizo unazompa wewe zinabaki kwake. Si lazima iwe hila, kwani naye anajikinga na deni lako. Ila siku ya kudai, kampuni haikujui, na kama hukuandikiana naye, huna ushahidi.

Jumuiya ya Afrika Mashariki haikusaidii sana katika hili. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010 na imefungua njia kwa watu, bidhaa na mitaji, lakini Ibara ya 15 inaacha suala la ardhi na majengo chini ya sera na sheria za kila nchi. Stoo uliyokodi Kenya ni ya sheria za Kenya, hata kama mzigo na mwenye mzigo vimetoka Tanzania.

Mita za kulipia kabla zimepunguza hoja ya amana, maana huwezi kutumia usicholipia. Ndiyo LUKU ya Tanzania, Yaka ya Uganda na Cash Power ya Rwanda. Hata hivyo, deni lililoachwa kwenye mita linaweza kukatwa kwenye kila ununuzi wa tokeni, na anayenunua sasa ni wewe. Na kwa Mkenya anayekodi duka Tanzania kuna jambo la ziada: tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU. Kwa nyumba ya kawaida ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi, ikapanda hadi 1,500 mwaka 2023. Kwa asili hiyo ni kodi ya mwenye jengo. Kubalianeni mapema kama atakupunguzia kwenye pango.

Kabla ya kutoa amana popote, omba kuona akaunti ya mita ina jina la nani. Kama ni la mwenye jengo, mwandikiane kiasi, sababu na siku ya kurudishwa. Kama ni lako, tunza risiti na usihame bila mita kusomwa na akaunti kufungwa. Ukiiacha wazi, atakayeingia atatumia kwa jina lako. Siku ya kuingia na ya kutoka, piga picha ya namba za mita. Simu unayo mkononi.

Mgogoro na kampuni huanzia ofisi ya kampuni yenyewe. Ukishindikana, Tanzania kuna EWURA kwa umeme na maji, Rwanda RURA, Kenya EPRA kwa umeme na WASREB kwa maji, na Uganda ERA kwa umeme. Hizo hazishughuliki na pesa uliyompa mwenye jengo mkononi. Kwa wapangaji wa maduka Kenya lipo baraza la migogoro ya pango la majengo ya biashara, na huko utaulizwa karatasi mliyoandikiana.