Mgeni Asiyesema: Namna ya Kumpokea na Kumtunza Paka Nyumbani

Shukrani zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote, wenye kusema na wasiosema. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, maswahaba zake na wote wenye kufuata mwenendo wao.



Katika ukurasa huu tumekusudia kueleza jambo ambalo wengi wetu huliona dogo, nalo ni kumchukua paka na kumleta nyumbani. Karibu kila nyumba ya Bukoba na Muleba imewahi kufuga paka kwa ajili ya panya. Lakini ni wachache wanaojiuliza paka huyo anahitaji nini siku za mwanzo, na Mola wetu atatuuliza nini juu yake. Tumeona tuliandike kwa sababu sisi wenyewe, walimu na wanafunzi, tuliwahi kukosea, na kosa letu lilikaribia kuwa kubwa.

KISA CHA STOO YETU

Miaka michache iliyopita panya walituzidi. Stoo ya madrasa ndimo tunamoweka mikeka, mbao za kuandikia na juzuu za wanafunzi wadogo. Kila tukifungua asubuhi tunakuta kingo za juzuu zimetafunwa. Mzazi mmoja, Allah amlipe kheri, akatuletea paka jike wa rangi ya majivu ndani ya gunia la kahawa. Ilikuwa Jumatano jioni. Tukamfungulia stooni, tukafunga mlango ili asitoroke, tukaenda zetu.

Alhamisi na Ijumaa chuo chetu hakisomwi. Walimu tulidhani wanafunzi wa jirani watampelekea chakula. Wanafunzi walidhani hilo ni la mwenye ufunguo. Mwenye ufunguo alidhani paka atakula panya, basi yatosha. Jumamosi asubuhi tulimkuta amejikunja nyuma ya mikeka, macho yamezama, hana nguvu hata ya kulia. Mle ndani hamkuwa na tone la maji. Tukampa maji kidogo kidogo kwa kijiko, kisha mchuzi wa samaki usio na chumvi. Alhamdulillah, alipona.

Kilichotuumiza zaidi ni kwamba wanafunzi wa darasa la juu walikuwa wameihifadhi hadithi ya mwanamke na paka, na sisi ndio tuliowasomesha. Tuliijua kwa ulimi, na paka alikuwa anakufa kwa kiu upande wa pili wa ukuta.

HADITHI YENYEWE INATUFUNZA NINI?

Imepokewa kutoka kwa Abdullah bin Umar (R.A.), katika vitabu vya Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (S.A.W.) alieleza habari za mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka. Alimfungia mpaka akafa. Hakumlisha wala kumnywesha, na wala hakumwacha atoke akajitafutie wadudu wa ardhini.

Wanazuoni walioifafanua hadithi hii wamesema kufuga paka na kumweka ndani si haramu, maadamu mwenye kumfuga hapuuzi chakula na maji yake. Dhambi ni kumfungia na kumsahau. Paka aliye nje Allah (S.W.) amemfungulia njia ya riziki yake. Ukimfungia mlango, wewe ndiye uliyeikata njia hiyo, na riziki yake imekuwa juu ya shingo yako.

Hapa ndipo penye jambo kubwa la makala hii. Paka mgeni ni lazima afungiwe siku za mwanzo, kama tutakavyoeleza, la sivyo atapotea. Basi siku hizo za mwanzo kila mwenye paka mpya anasimama mahali pale pale aliposimama yule mwanamke. Kinachotutenga naye ni bakuli la chakula na bakuli la maji.

Kinyume cha habari hiyo ni ile aliyoipokea Abu Huraira (R.A.), ya mtu aliyeteremka kisimani akamtekea maji mbwa mwenye kiu, Allah akamshukuru na kumsamehe. Na Abu Huraira mwenyewe, kama ilivyo katika Tirmidhi, alipewa jina hilo kwa sababu alipokuwa akichunga mbuzi na kondoo wa watu wake alikuwa na paka mdogo. Usiku humweka juu ya mti, mchana huenda naye na kucheza naye.

Tahadhari moja kwa wanafunzi: kisa kinachosimuliwa sana, kwamba Mtume (S.A.W.) alikata kipande cha nguo yake ili asimwamshe paka wake aitwaye Muezza, hakimo katika vitabu vya hadithi vinavyotegemewa. Tusimnasibishie Mtume wetu lisilothibiti, hata kama linapendeza.

KABLA HAJAFIKA

Kwanza, usichukue mtoto wa paka kabla hajatimiza wiki nane. Chini ya hapo bado anahitaji maziwa ya mama yake na mafunzo yake. Pia si vizuri kumgeuza biashara. Katika Sahihi Muslim, Jabir (R.A.) amepokea makatazo juu ya thamani ya paka. Imamu Nawawi wa madhehebu yetu ya Shafi ameeleza kwamba moja ya maana zake ni kuwazoesha watu kupeana paka na kuazimana kwa ukarimu. Mila ya kwetu ya jirani kumpa jirani mtoto wa paka inaafikiana na hilo.

Pili, mbebe kwa heshima. Gunia lililofungwa mdomo humtia hofu na joto. Tumia kikapu chenye mfuniko au tenga la kuku, ukilifunika kwa kanga ili asitishwe na pikipiki na watu. Wengine humzungusha makusudi ndani ya gunia ili asahau njia ya alikotoka. Huko ni kumtesa bure.

Tatu, andaa chumba kimoja kidogo chenye utulivu. Weka humo vitu vinne: maji, chakula, mahali pa kujificha kama boksi lililolazwa ubavu, na karai lenye mchanga au vumbi la mbao kwa ajili ya haja. Karai likae mbali na chakula, kwani paka ni msafi, hapendi kula anapojisaidia.

SIKU ZA MWANZO

Waswahili husema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa paka methali hii haifai. Siku ya tatu huenda bado yumo uvunguni mwa kitanda. Usimvute mkia wala usimtoe kwa fimbo. Paka hutambua mahali kwa harufu, na nyumba yako kwake haina harufu hata moja anayoijua. Kaa chini kimya, soma juzuu yako kwa sauti ndogo, mwache azoee sauti yako. Siku atakapokuja mwenyewe kusugua shavu lake mguuni pako, ujue anakupaka harufu yake. Amekukubali.

Watoto wadogo waelezwe mapema: wasimkimbize, wasimshike anapokula, wasimbane mikononi. Paka anayemparua mtoto mara nyingi amekwisha kuomba aachwe, nasi hatukumsikia.

Mweke ndani wiki mbili mpaka tatu. Huku kwetu nyumba zimetawanyika ndani ya migomba na mibuni, na paka akiingia shambani siku ya pili, mvua ikinyesha na mbwa wa jirani akibweka, hajui arudi wapi. Ukianza kumtoa, mtoe kabla ya kula, ili njaa imrudishe, kisha mwite kwa sauti ile ile unayomwitia chakula. Vifaranga viwekwe mbali mpaka ajulikane tabia.

CHAKULA CHAKE

Nyumba zetu nyingi mlo ni ndizi na maharage. Huo ni mlo wetu, si wake. Paka ameumbwa mla nyama. Mwili wake unahitaji kirutubisho kiitwacho taurini, ambacho hakipatikani katika ndizi, maharage wala ugali. Akikikosa kwa muda mrefu macho na moyo wake hudhoofika. Alhamdulillah, ziwa letu liko karibu. Dagaa waliochemshwa bila chumvi, au mabaki ya samaki yaliyoondolewa miba mikubwa, huweza kumsaidia, na ukipata utumbo wa kuku au maini kidogo, mchanganyie. Msimu wa senene ukifika, atajihudumia mwenyewe.

Maziwa ya ng'ombe paka wengi wakubwa hayawapatani, huwaharisha. Maji safi ndiyo kinywaji chake, yabadilishwe kila siku. Vitunguu na vitunguu saumu ni sumu kwake, na kidonge cha parasetamoli kinaweza kumuua. Paka asiyekula kabisa kwa siku mbili si wa kupuuzwa, kwani ini lake huharibika upesi.

Tuondoe pia dhana kwamba paka akilishwa hatakamata panya. Paka huwinda kwa maumbile yake hata akiwa ameshiba. Mwenye kumnyima chakula ili awinde hapati panya zaidi. Anapata paka anayeiba jikoni na kuhama kwa jirani.

AFYA YAKE NA YETU

Muulize ofisa mifugo wa kata au wilaya juu ya dawa ya minyoo na chanjo ya kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu huingia kwa paka pia, na dalili zikishajitokeza kwa mtu, ni nadra mno apone. Chanjo hutolewa kuanzia umri wa miezi mitatu. Mtu akiumwa na paka au mbwa, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo.

Kwa viroboto, usimwogeshe kwa dawa ya ng'ombe wala ya mbwa, kwani baadhi ya dawa hizo zinaweza kumuua paka. Nyumba yenye paka isitege sumu ya panya, maana panya aliyekula sumu akiliwa na paka, huondoka na paka pia. Mama mjamzito asisafishe karai la paka. Kazi hiyo ifanywe na mwingine, naye anawe mikono vizuri.

Paka jike huweza kushika mimba akiwa na umri wa miezi minne au mitano tu, na huzaa baada ya wiki tisa hivi. Basi fikirini mapema watoto watakwenda kwa nani. Kuwatupa shimoni au kuwaacha sokoni ndani ya boksi ni dhuluma. Kuhusu kumhasi paka, wanazuoni wamehitilafiana, wapo waliozuia na wapo walioruhusu kwa maslahi. Mwenye haja amuulize sheikh wake.

TWAHARA YA NYUMBA

Wengi hutuuliza: je, paka akinywa maji ya udhu? Kabsha binti Kaab alimtilia maji ya udhu baba mkwe wake, Abu Qatada (R.A.). Akaja paka, na Abu Qatada akamwinamishia chombo akanywa. Alipomwona Kabsha anashangaa, alimweleza kuwa Mtume (S.A.W.) amesema paka si najisi, naye ni katika wanaotuzunguka majumbani. Wameipokea Abu Daud, Tirmidhi na wengineo.

Mate yake, basi, ni twahara, isipokuwa mdomo wake ukionekana una najisi kama damu ya panya. Mkojo na kinyesi chake ni najisi, na mkeka wa kuswalia ukipatwa uoshwe. Nywele chache nguoni zimesamehewa.

TULIVYOFANYA SISI

Baada ya Jumamosi ile tulibandika karatasi kwenye mlango wa stoo. Ina siku saba, na kila siku ina jina moja, si mawili, maana kosa letu lilikuwa kila mmoja kumtegemea mwenzake. Alhamisi na Ijumaa ni zamu ya walimu. Anayemaliza anatia alama kuwa ameweka maji, ameweka chakula, amesafisha karai. Yule paka alipewa nafasi yake, akatulia, na juzuu zetu zikasalimika. Wanafunzi waliokuwa wadogo wakati huo sasa ndio wanaowafundisha wenzao namna ya kushika zamu.

Wazazi wapenzi, tunaomba nyumbani kwenu pia mfanye hivyo. Mtoto anayepewa paka apewe na zamu. Anayejifunza kumkumbuka kiumbe asiyeweza kusema nina kiu, tunataraji hatamsahau mzazi wake siku atakapokuwa mzee.

Tunamuomba Allah (S.W.) atusamehe tuliyoyazembea, na atujaalie tuwe wenye huruma kwa viumbe vyake. Amin.

Wabillahi tawfiq.