Kwa Nini Sanduku la Hisa Lina Kufuli Tatu

Wakulima wa Kasulu na Kibondo, nchini Tanzania, hushika fedha kwa msimu, maharage na mahindi yanapouzwa. Mahitaji ya shule na dawa hayasubiri mavuno. Pengo hilo wengi huliziba kwa vikundi vya hisa, ambamo jirani humkopesha jirani bila kudai hati ya shamba. Kinachomfanya mtu arudishe ni nini?

Sehemu kubwa ya jibu imo katika mpangilio wa kikao. Utaratibu huu, ulioanzishwa na shirika la CARE huko Maradi, Niger, mwaka 1991, hukusanya watu kati ya 15 na 30. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo hukaa kwa wanachama watatu ambao si viongozi. Kila mwanachama hununua hisa moja hadi tano mbele ya wenzake, kitabu chake hugongwa muhuri, fedha huhesabiwa kwa sauti. Kabla ya kutawanyika wote hukariri salio, hata asiyejua kusoma.

Yote hufanyika hadharani, na saikolojia inaeleza faida yake. Mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, Max Ringelmann, aliwapima watu wakivuta kamba. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 1913 yalionyesha kuwa wakiwa wanane, kila mmoja alitoa takriban nusu tu ya nguvu aliyoitoa akivuta peke yake. Mwaka 1979 Bibb Latané na wenzake nchini Marekani waliona ulegevu uleule kwa watu waliotakiwa kupiga makofi na kelele kwa pamoja. Baadaye wakagundua kwamba mtu akijua mchango wake unapimwa peke yake, ulegevu hutoweka.

Lakini macho ya wenzako yana makali yake. Aliyepoteza mavuno anaweza kuanza kukwepa vikao kwa aibu, na deni likazidi kukua. Ndiyo maana vikundi huwa na mfuko wa jamii kwa ajili ya ugonjwa na misiba, na viongozi huchaguliwa upya kila mzunguko wa akiba.

Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, vikundi hivi hutakiwa kusajiliwa, na halmashauri zimepewa jukumu la kuvisimamia. Ofisa maendeleo ya jamii anayekagua katiba na daftari peke yake ataona nusu ya kikundi. Akae kikao kizima: aone nani anahesabu, nani ananyamaza, na kama mwanachama mpya anathubutu kumuuliza mwenyekiti salio limepunguaje.