Bei ya Hasara, Hasara ya Nani?

Siku moja nilimnunulia mwanangu shati la mtumba mnadani. Muuzaji alikuwa akinadi kwa sauti: "Bei ya hasara! Bei ya kutupa!" Tulipokuwa tukirejea Singe, mtoto akaniuliza: "Baba, ikiwa kila mnada anapata hasara, mbona mnada unaofuata anarudi?"

Swali hilo lilinifanya niyatafakari maneno tunayoyatumia kwa vitu vya bei ndogo. Rahisi na ghali yametokana na Kiarabu. Nafuu nalo lina asili ya manufaa, ndiyo maana mgonjwa aliyeanza kupona husemwa amepata nafuu. Bei nafuu, basi, ni ile inayompunguzia mtu uzito. Vijana husema bei poa au bei chee, na kinachopatikana bila jasho huitwa cha bwerere.

Maneno haya hayana uzito mmoja. Anayesema "sawa na bure" hamdanganyi mtu, kwani kila asikiaye anajua kuwa ametia chumvi. Lakini "punguzo" ni hesabu: aliyepandisha bei asubuhi ili aishushe jioni hajapunguza kitu. Na "bei ya hasara" ni ushahidi kwamba muuzaji anauza chini ya alivyonunua. Ikiwa sivyo, huo ni uongo.

Wakulima wetu wa Babati wanaijua bei ya kutupa kwa maana yake halisi. Mwaka 2017 India, mnunuzi mkubwa wa mbaazi zetu, iliweka kikomo cha mbaazi zinazoingia nchini humo, na bei ikaporomoka. Mlaji aliyefurahi kuwa mbaazi ni rahisi alisema kweli. Kwa mkulima aliyetegemea gunia hilo kwa ada ya mtoto, urahisi huo ulikuwa msiba.

Mtume (S.A.W.) alifundisha kuwa muuzaji na mnunuzi wakisema kweli na kubainisha, biashara yao hubarikiwa, wakificha na kusema uongo, baraka huondolewa. Tazama, ndugu msomaji, kwamba ametajwa na mnunuzi.

Nilikuwa nimejiandaa kumweleza mwanangu hayo kuhusu yule muuzaji. Tulipofika nyumbani nikamwonesha mama yake shati, nikalisifu kuwa zuri na la bei nafuu. Mtoto akashangaa: "Lakini kule ulimwambia limepauka!"

Ni kweli, nilisema hivyo ili nipunguziwe, na shati halikuwa na dosari yoyote. Nilikiri kosa langu mbele yao. Mnada uliofuata nilimtafuta yule muuzaji, nikamweleza nilivyosema na kumwongezea shilingi elfu moja. Alicheka, akaipokea, akaniombea dua. Mwanangu alikuwa pembeni yangu akisikiliza.